Chujio Lina Mtu Wake: Tulivyochagua Namna ya Kusafisha Maji ya Mvua Tabora

Watu wakija nyumbani wakaliona tangi letu la maji ya mvua, swali la kwanza huwa ni la bei. Chujio mmenunua wapi, shilingi ngapi? Nawajibu, lakini kabla hawajaaga huwa nawauliza na mimi langu: kwenu nani atakuwa analiosha? Wengi hunitazama kimya. Nimeona machujio mazuri, mengine ya gharama kubwa, yamegeuzwa meza za kuwekea vyombo kwa sababu swali hilo halikuulizwa siku ya kununua. Naandika haya kwa ajili ya mtu wa Tabora, au wa popote penye kiangazi kirefu kama chetu, anayejiuliza anunue nini kabla mvua za Novemba hazijaanza.

Sisi tunaishi pembezoni mwa mji, upande wa barabara ya Urambo. Mji wa Tabora kwa miaka mingi uliishi kwa bwawa la Igombe, na siku hizi maji ya Ziwa Victoria yamefika, ila mtaa wetu ni mpya na bomba bado liko mbali nasi. Visima vya kuchimba kwa mkono vipo. Ikifika mwezi wa tisa vingi vinabaki na tope, na kingine utakuta kiko hatua chache tu kutoka choo cha shimo cha nyumba ya pili. Baada ya hapo ni wauza maji wa baiskeli, wenye madumu ubavuni, ambao huwezi kujua wamechota wapi. Mwanangu wa pili aliugua homa ya matumbo, akadhoofika mpaka ikawa tunambeba kumpeleka chooni. Alipopona, mimi na mume wangu tulikubaliana kwamba maji ya kunywa ndani ya nyumba hii hayatakuwa tena jambo la kubahatisha.

Mvua tunayo. Mkoa wetu una msimu mmoja, Novemba hadi Aprili, na kwa mwaka inanyesha kati ya milimita 700 na 1,000 hivi. Baada ya hapo mbingu inafunga.

Kabla ya kununua chochote tulikaa na karatasi. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ya bati inatoa lita moja ya maji. Mengine yote ni kuzidisha. Upande mmoja wa paa letu una urefu wa mita 10 na upana wa mita 4, yaani mita 40 za mraba. Mvua moja nzuri ya milimita 30, ile inayopiga bati mpaka mnashindwa kusikilizana, inashusha lita 1,200. Toa moja ya tano kwa maji yanayoruka, yanayokauka na yanayomwagika ukingoni, zinabaki lita 960. Kwa msimu wa milimita 900, upande huo mmoja peke yake unatoa zaidi ya lita 28,000.

Mume wangu alitaka tuchimbe kisima cha saruji chini ya ardhi tukusanye yote. Ni wazo zuri kwa mwenye fedha ya kutosha. Lakini tulipotenganisha maji ya kunywa, kupikia na kuoshea matunda na maji ya kufulia na kuogea, hesabu ikawa nyingine kabisa. Kwa kunywa na kupika nyumba yetu inatumia dumu moja la lita 20 kwa siku. Kiangazi cha siku 180 kinataka lita 3,600. Simtanki la lita 5,000 likiwa limejaa mwisho wa Aprili linatuvusha mpaka Novemba, na mgeni akija anakunywa. Ya kufulia yatoke kisimani kama zamani. Hapo gharama ilishuka, na kilichonifurahisha zaidi, kazi ilishuka nayo, maana hakuna mtu mwenye nguvu ya kuchuja maji ya nyumba nzima kila siku kwa miaka, ila dumu moja linawezekana.

Chujio la kwanza ni paa lenyewe, na huku kwetu ndilo linalochafuka kuliko kitu kingine chochote. Kuanzia Juni hadi Oktoba vumbi jekundu la barabara linatua juu ya bati, njiwa na kunguru wanaacha vinyesi vyao, mijusi inaota jua, popo wanapita usiku, na mwembe wa jirani unaangusha maua yake yote juu yetu. Vinyesi vya ndege hubeba vimelea vya kuharisha kama Salmonella na Campylobacter. Mvua ya kwanza inaosha hayo yote kwa mkupuo mmoja, na ukiyaruhusu yaingie tangini umeanza msimu kwa kujiwekea akiba ya uchafu, ambayo chujio lolote utakalonunua litahangaika nayo mpaka mwakani.

Fundi wetu alikata bomba la inchi 6, akalisimamisha ukutani chini ya gata, kabla ya njia ya kuingilia tangini. Bomba la ukubwa huo linabeba karibu lita 18 kwa kila mita, kwa hiyo mita mbili na robo zinatosha kumeza lita 40, ambazo kwa paa letu ndiyo milimita nzima ya kwanza ya mvua. (Bomba la inchi 4 linabeba karibu lita 8 tu kwa mita, na ndilo mafundi wengi hupenda kuliweka kwa kuwa ni rahisi. Mwambie fundi wako azidishe kwanza.) Ndani aliweka mpira mdogo unaoelea. Maji machafu yakijaa, mpira unapanda na kuziba mdomo, na yanayofuata, ambayo ni safi zaidi, yanakata kona kwenda tangini. Chini kabisa kuna kifuniko cha kufungua kwa mkono, nacho kina tundu dogo linalochuruzisha, ili baada ya mvua bomba lijimwage lenyewe polepole na kuisubiri mvua nyingine likiwa tupu.

Mvua ya kwanza ilipokatika tulikifungua kile kifuniko juu ya beseni jeupe ili tuone. Yalitoka kwanza maji ya kahawia yenye harufu kali ya vinyesi vya ndege, halafu tope laini jekundu, halafu mbawa za kumbikumbi zilizogandamana, mabua ya maua ya mwembe, na mwisho mjusi mdogo mkavu. Watoto walichutama pale wanahesabu vitu. Jirani yetu aliyesimama ukutani, ambaye miaka yote amekuwa akikinga maji ya mvua kwa pipa moja kwa moja kutoka batini, alirudi kwake bila kusema neno, na wiki ile ile nilisikia nyundo upande wake.

Lile tundu dogo linaziba na mchanga baada ya mvua chache. Likiziba, bomba linabaki limejaa maji ya jana, na uchafu wa mvua ya leo unapita juu yake kwenda tangini kana kwamba hakuna kifaa. Kwa hiyo kulizibua ni kazi, na ina mwenyewe: mwanangu wa kwanza. Kila mvua ikiisha anapitisha njiti kwenye tundu. Kazi nyingine ya paa ni ya mume wangu, ambaye mwezi wa kumi anapanda kufagia bati na kutoa majani kwenye gata.

Kwenye tangi sina mengi. Ni jeusi, mwanga haupenyi, utando wa kijani hauoti. Mdomo wa kuingilia na bomba la kumwagia ziada vyote vina wavu wa mbu. Bomba la kuingizia linashuka mpaka karibu na kitako kisha linapinda kuelekea juu, ili maji yanayoingia yasivuruge tope lililotuama, na koki imewekwa zaidi ya sentimita 10 juu ya kitako kwa sababu hiyo hiyo.

Sasa chujio.

Muuzaji mmoja mjini alituonyesha mashine inayosukuma maji kwa nguvu kupita kwenye utando wenye vitundu vidogo kiasi kwamba hata chumvi haipiti. Wauzaji wanaiita RO. Alijaza glasi mbili, moja maji ya kisima na nyingine maji yaliyotoka kwenye mashine, akatumbukiza kifaa chenye vijiti vya chuma katika zote mbili, akawasha umeme. Muda si mrefu glasi ya kisima ikawa kahawia, na povu chafu likaelea juu yake. Ya mashine ikabaki nyeupe. “Dada, jionee mwenyewe mnachokunywa,” akasema, na waliokuwa dukani wakaguna kwa hofu. Mimi nilikuwa na chupa ya maji ya mvua niliyochota tangini asubuhi ile, hayajachujwa wala kuchemshwa, kwa kuwa nilitaka kumwuliza yanahitaji nini. Nikamwomba ayajaribu nayo. Yakabaki meupe vilevile. Ungeziweka glasi mbili mbele yangu nisingejua ipi ni ya mashine yake na ipi ni ya batini kwangu.

Nilikwenda kumwuliza mwalimu wa kemia anayesali nasi, naye akanieleza vizuri. Kahawia ile ni kutu ya kijiti chenyewe. Umeme ukipita majini, chuma kinaliwa na kutoa kutu, na umeme hupita penye madini na chumvi zilizoyeyuka kutoka ardhini. Maji ya mvua karibu hayana chumvi, umeme haupiti vizuri, kutu haitokei. Hakuna kijidudu hata kimoja kilichopimwa pale dukani. Ile kalamu ya kielektroniki ambayo wauzaji wengine huitumbukiza majini ikatoa namba nayo ni hivyo hivyo, inapima vilivyoyeyuka tu. Mashine ya RO ni ya kweli na ina kazi yake kwa mwenye kisima cha chumvi, au kwa wenzetu wa baadhi ya maeneo ya Arusha, Singida na Shinyanga ambako maji ya ardhini yana floridi nyingi inayoharibu meno na mifupa. Kwa maji ya mvua, utakuwa unalipia kuondoa kitu ambacho hakimo. Tena mashine hiyo inamwaga sehemu ya maji kama taka, wakati sisi tunayahesabu kwa dumu mpaka Novemba.

Kipimo kilichonisaidia kilitoka kwa bwana afya. Alinipa vichupa vidogo vyenye kipande cha karatasi kilichokaushiwa dawa. Unajaza maji, unafunga, unakiweka mahali penye joto kwa siku moja hadi mbili, na kikigeuka cheusi ujue kuna bakteria wa aina inayoambatana na uchafu wa kinyesi. Nilikijaza maji yale yale ya tangini, nikakiweka kabatini jikoni. Kesho yake jioni weusi ulianza pembeni mwa karatasi, na kulipokucha chupa nzima ilikuwa nyeusi. Maji yaliyofaulu mtihani wa vijiti yalianguka mtihani wa kichupa. Nilikishika kile kichupa nikamkumbuka mwanangu alivyokuwa kitandani. Shirika la Afya Duniani linataka maji ya kunywa yasiwe na E. koli, bakteria wa kinyesi, hata mmoja katika mililita 100, na haya yetu yalikuwa yanang'aa.

Basi adui alikuwa amejulikana, vijidudu, na tukajua cha kutafuta. Vijidudu vya majini viko vya makundi matatu. Protozoa kama amiba na giardia ni wakubwa kidogo, bakteria ni wadogo zaidi, na virusi ni wadogo mno hivi kwamba machujio mengi yanawapitisha. Virusi vinavyotusumbua sana vinatoka kwenye kinyesi cha binadamu, ambacho kwa kawaida hakifiki juu ya paa. Ndiyo maana maji ya bati na maji ya kisima kilicho jirani na choo hayadai kitu kile kile, hata yakifanana kwa macho. Bati linadai kwanza kitu cha kuwazuia bakteria na protozoa, kisha kinga ya mwisho dhidi ya mikono yetu wenyewe.

Kuchemsha kunaua makundi yote matatu. Yakitokota kwa dakika moja yanatosha, na zile dakika tatu zinazotajwa ni za milimani, zaidi ya mita 2,000, ilhali Tabora iko kwenye mita 1,200 hivi. Tatizo ni mkaa. Dumu zima kila siku linakula gunia haraka, na misitu yetu ya miombo inayoleta asali inaisha kwa ajili ya magunia hayo hayo. Nyumbani tunachemsha kwa ajili ya mtoto mchanga na mgonjwa tu.

Kuweka chupa angavu za lita moja na nusu au mbili juani kwa saa sita ni njia nzuri, ya bure, na mionzi ya jua inaua kweli. Kukiwa na mawingu mazito chupa zinatakiwa zikae siku mbili. Watoto wangu wanaipenda kiangazi kwa maji ya kwenda nayo shule. Kwa masika haitegemeki.

Chujio la mchanga la nyumbani, lile sanduku la saruji lenye mchanga na kokoto, nililitaka sana. Halina cha kununua tena baada ya kulijenga, na wenye familia kubwa wanaotumia maji ya mto au bwawa nawashauri walifikirie mbele ya yote. Siri yake ni tabaka hai linaloota juu ya mchanga na kula vijidudu. Tabaka hilo linachukua karibu mwezi kukomaa, linataka maji ya sentimita 5 yasimame juu ya mchanga muda wote, na linataka kulishwa kila siku. Likikaa zaidi ya saa 48 bila maji mapya linaanza kufa. Sisi shule zikifunga tunakwenda Urambo kwa mama, nyumba inabaki na kufuli. Nilijiuliza nani atalilisha, nikakosa jibu, nikaliacha kwa huzuni.

Taa ya mionzi ya urujuanimno inaua vyote, virusi pia, mradi maji yawe maangavu. Lakini mvua ya Tabora inakuja na radi, na radi ikianza umeme unakatika. Isitoshe ikishayamulika haiachi kinga yoyote ndani ya maji. Yakiingia kwenye ndoo chafu yamechafuka.

Chujio la nyuzi zenye vitundu vya maikroni 0.1 (maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita), linaloshikizwa kwenye ndoo, lilikuwa la pili kwenye orodha yangu. Linatoa maji haraka na linasafishwa kwa kusukuma maji kinyumenyume kwa bomba la sindano. Nililiacha kwa sababu moja tu, kwamba sikupata vipuri vyake Tabora, na hilo bomba la sindano ndani ya nyumba yenye watoto wanne ni mchezo wa siku moja.

Tukachagua mishumaa ya kauri. Ni ndoo mbili zilizobebana. Ya juu ina mishumaa miwili myeupe imesimama, maji yanapenya ukuta wa mishumaa na kudondokea ndoo ya chini yenye koki. Vitundu vya kauri nzuri ni vya chini ya maikroni moja, bakteria na protozoa wanakwama nje. Haihitaji umeme wala moto, ikikaa wiki mbili bila kazi unaisugua na kuendelea, na mishumaa ya kubadilisha ipo madukani mjini. Ni ya polepole. Tunajaza jioni, asubuhi tunaongeza, dumu linapatikana.

Mwenye chujio ni mtoto wa kaka yangu, anayeishi nasi anasoma sekondari. Tulimpa yeye kwa kuwa ana mkono mwepesi na haharakishi, na mimi nakaa naye karibu anapofanya. Jumamosi anaosha mikono, anaitoa mishumaa, anaisugua chini ya maji safi kwa brashi laini bila sabuni, kwa sababu sabuni inaingia kwenye vitundu na kuziba. Utelezi wa kijivu unatoka kwenye vidole vyake, na chini yake weupe unarudi. Kisha anafanya jaribio alilofundishwa na mzee mmoja muuza vipuri. Mshumaa ukiwa umelowa vizuri, anauzamisha kwenye beseni, anavalisha mpira mwembamba kwenye shina lake na kupuliza taratibu. Mapovu yakijitokeza mahali pamoja, hapo pana ufa, hata kama jicho halioni. Mshumaa wenye ufa ni hatari kuliko kukosa mshumaa, maana unaendelea kudondosha maji meupe huku mmejiamini. Dalili nyingine ni mwendo: mshumaa wa zamani ukianza ghafla kutoa maji haraka, usifurahi, uzamishe. Msimu uliopita yeye ndiye aliyegundua mmoja wetu umepasuka karibu na shina, kwa mapovu madogo yaliyofuatana katika mstari. Tukaubadilisha siku ile ile.

Maji yaliyochujwa nilipoyatia kwenye kichupa yalikaa siku mbili bila weusi. Hata hivyo hatukuishia hapo. Kauri haizuii virusi vyote, na ndoo ya chini inaweza kuchafuliwa na mkono wa mtoto kwenye koki. Kwa hiyo yakishahamia kwenye dumu la kunywea tunatia dawa ya klorini, WaterGuard au vidonge, kwa kipimo kilichoandikwa, tunafunga na kusubiri dakika 30. Mpangilio huu una sababu. Klorini inaliwa na tope na uchafu, ukiitia kwenye maji yasiyochujwa nguvu yake inaisha kabla haijafika kwa vijidudu. Ukiitia kwenye maangavu, kiasi kidogo kinaua na kingine kinabaki kulinda. Mama mkwe wangu hakuipenda harufu. Tukaanza kutia jioni ili yalale, asubuhi harufu imepungua, na sasa anakunywa. Alilalamika pia kwamba maji ya mvua hayana ladha, na hapo nilikubaliana naye, ndivyo yalivyo. Na kata ya kuchotea maji tumeiondoa kabisa. Kila mtu anakinga kwenye koki.

Anayekwenda dukani aulize jambo moja kabla ya bei. Shirika la Afya Duniani tangu 2014 lina mpango wa kupima vifaa vya kusafishia maji majumbani na kuvipa nyota. Nyota tatu na mbili ni kwa kifaa kinachopunguza makundi yote matatu ya vijidudu, na nyota moja ni kwa kinachofaulu kwa makundi mawili. Cha nyota moja si kibaya, ila kinakuambia wazi kwamba kuna kundi ulilobaki nalo, utalishughulikia kwa njia nyingine. Muuzaji anayesema chake kinaondoa “kila kitu” mwulize virusi, halafu mwulize vipuri. Alama ya TBS, shirika la viwango la Tanzania, nayo iangaliwe.

Mama yangu wa Urambo ndiye aliyenifanya nione kwamba haya yote hayahamishiki kwenda nyumba nyingine kama yalivyo. Alipoona maji yetu aliyataka kwake. Lakini nyumba yake ni ya nyasi, na maji ya nyasi yanatoka na rangi, takataka na wadudu. Halafu amezungukwa na mashamba ya tumbaku. Mabani, yaani mabanda ya kukaushia tumbaku kwa moto, yanawaka Januari hadi Aprili, wakati mvua zinanyesha, na masizi yanatua kwenye kila paa lililo upande wa upepo. Dawa za kunyunyizia tumbaku nazo zinapeperuka. Dawa za shamba zilizoyeyuka haziondolewi na kauri, wala na klorini, wala kwa kuchemsha. Mshumaa wenye mkaa maalumu ndani yake unapunguza sehemu, lakini mkaa huo ukishashiba hauonyeshi dalili yoyote, ni mpaka uhesabu muda ulioandikwa na mtengenezaji. Na kwa jirani zake nimeona madumu ya dawa za tumbaku yanaoshwa na kuchotewa maji ya kunywa. Hilo nilimwomba mama, kwa kumshika mikono, asilikubali kamwe, dumu lioshwe mara ngapi.

Nilimweleza kuhusu mishumaa, brashi na mapovu. Akanisikiliza mpaka mwisho. “Mwanangu,” akasema, “mimi hayo ya kusugua siyawezi, macho yenyewe ndiyo haya. Na mjukuu wangu akianza masomo ya bweni nitabaki na nani wa kunipulizia?”

Kwa hiyo kwake tumeamua vingine. Kaka anamjengea banda la mabati mapya, lisilopakwa rangi, upande wa barabara, mbali na bani na kinyume na upepo unakotokea shambani. Watu wawili wanaotumia lita 8 kwa siku wanahitaji lita 1,440 kwa kiangazi, kwa hiyo tangi la lita 2,000 linatosha. Bomba la kumeza maji ya kwanza tumeliongeza urefu kwa ajili ya masizi, na tundu lake tumelifanya kubwa kidogo lisizibe upesi. Chujio la mishumaa hakuna. Atakinga kupitia kitambaa cheupe kilichokunjwa mara nne, ili kunasa chembechembe, kisha vidonge vya klorini vya ukubwa wa lita 20, kidonge kimoja dumu moja, kwa sababu hilo anaweza kulifanya hata gizani. Mimi nitakuwa napeleka vidonge vya miezi mitatu kila ninapokwenda, na kichupa cha bwana afya cha kupimia. Fundi ameshachukua vipimo. Mama ameomba koki iinuliwe juu ya msingi wa matofali, dumu likae chini yake bila yeye kuinama, na fundi amekubali kuongeza kozi mbili.